Mtumiaji wa Kawaida

Ukitaka kumuudhi Bi Uzi, usijisumbue kumtukana. Mwambie tu kwamba yeye ni mtumiaji wa kawaida. Maneno hayo aliandikiwa na kompyuta yake mwenyewe, kwenye kioo, chini ya jina lake, na kila asubuhi alipoiwasha aliyasoma na kuyaonea uchungu upya. Juu ya jina lake palikuwa na jina la dada yake, na chini ya jina la dada yake paliandikwa neno moja tu: Msimamizi.

"Msimamizi!" alikuwa akisema peke yake huku akipitisha uzi kwenye tundu la sindano. "Msimamizi wa nani? Mtu yuko mbali huko anabembeleza wajukuu, na bado ananisimamia."

Jina la Bi Uzi hakupewa na wazazi. Alipewa na majirani wa ule mtaa wa maduka, kwa sababu hajapata kuonekana bila kipande cha uzi kumganda mahali fulani: begani, kwenye nywele, mara nyingine hata kwenye unyusi. Alikuwa mdarizi. Duka lake lilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa chuma uliopakwa rangi ya bluu, katikati ya mshona suti na fundi wa simu. Ndani kulikuwa na rafu ya koni za nyuzi zilizopangwa kwa rangi kutoka nyeupe hadi nyeusi, na ole wake mteja aliyetoa koni akairudisha pasipo pake. Ukuta wa nyuma ulijaa vitambaa vya majaribio: nembo za shule, majina ya maharusi, simba mmoja aliyetoka na macho makengeza ambaye Bi Uzi alikataa kumtupa kwa kuwa alimchekesha. Katikati ya chumba, kama bwana harusi, ilikaa mashine ya kudarizi yenye sindano sita.

Mashine hiyo watu waliiogopa bure. Haikuwa na akili hata ya kushona nukta. Ilingoja kuambiwa kila kitu na kompyuta: sindano iingie hapa, itoke pale, sasa badili uzi. Na kompyuta nayo iliyajua hayo kwa sababu ya programu ya kuchorea, ambayo mtu anachora ua kwenye kioo, halafu programu inaligeuza ua kuwa mishono. Michoro yote ya duka ilikuwa humo. Kazi ya mikono miwili ya Bi Uzi na mikono miwili ya dada yake, tangu walipohama kutoka kalamu ya risasi na karatasi hadi kioo, ilikuwa humo na haikuwa kwingine popote.

Na humo ndimo alimokaa ndege wa mama.

Mama yao alikuwa akidarizi foronya kwa mkono, na kila foronya aliitia ndege yule yule: mnene, mkia juu, mguu mmoja mfupi kuliko mwenzake. Mguu ulikuwa kosa la foronya ya kwanza kabisa. Watu wakaupenda, mama akaendelea nao. Alipofariki, foronya ziligawanywa, zikalaliwa, zikafuliwa, zikachakaa hadi zikawa vitambaa vya kufutia meza. Ya mwisho dada mtu aliikamata ikiwa inakaribia kukatika, akaiweka chini ya taa, akamchora yule ndege kwenye kompyuta mshono kwa mshono, na mguu wake mfupi. Foronya yenyewe ilifia mikononi mwake. Kwa hiyo ndege alibaki mmoja tu duniani, na nyumba yake ilikuwa ile kompyuta.

Sasa tuje kwenye kisa cha usimamizi. Dada mtu ndiye aliyeanzisha duka, ndiye aliyeipanga kompyuta, ndiye aliyeigawa katika milango miwili: wa msimamizi na wa kila siku. Ule wa kila siku ulifunguka kwa kuugusa tu. Bi Uzi alichora, alihifadhi, alishona, hakuna aliyemuuliza kitu. Ila kuingiza programu mpya hakukuwezekana mpaka msimamizi aandike neno lake la siri.

"Nimeifunga hivyo ili takataka zisiingie bila mtu kujua," dada alimweleza.

Kisha binti wa dada akajifungua mapacha, akaomba mama yake aende akamsaidie kidogo. Hicho kidogo hakijaisha mpaka leo. Siku ya safari, mabegi yako tayari kwenye gari, dereva anapiga honi, Bi Uzi akakumbuka jambo, akatoka mbio na uzi wa kijani ukining'inia sikioni.

"Dada! Na lile neno la siri la msimamizi ni lipi?"

Dada mtu akageuka, akacheka lile cheko lake la kutikisa mabega, akasema, "Sikwambii." Akafunga mlango wa gari, akaondoka.

Bi Uzi alibaki barabarani ameduwaa. Sikwambii! Mtu unamwachia duka zima, wateja, kodi, mashine, halafu neno moja unamnyima, tena kwa kicheko, tena mbele ya dereva! Alirudi ndani, akaketi, akajiambia kwamba sasa amejua thamani yake. Yeye ni wa kawaida. Anaaminiwa nyuzi, haaminiwi funguo.

Hakumuuliza tena. Kuuliza mara ya pili kungekuwa kupiga magoti, na Bi Uzi alikuwa na magoti magumu. Alichofanya ni kupunguza maneno. Dada alipopiga simu, mazungumzo yalikuwa mafupi kama kipande cha uzi kilichokatwa na meno.

"Hujambo, mdogo wangu?"

"Sijambo."

"Kazi je?"

"Inaenda."

"Mbona sauti yako hivyo?"

"Ndiyo sauti yangu."

Dada alidhani ni uchovu wa kazi, akampa pole. Pole hizo ndizo zilizomchoma Bi Uzi zaidi. Simu zikaanza kupishana, kisha zikawa za sikukuu na misiba tu. Hakuna aliyegombana na mwenziwe, ukiwauliza wote wawili wangekuapia hivyo. Lakini walikuwa wamepoteana.

Mambo yalikwenda hivyo hadi umeme ulipokatika Bi Uzi akiwa katikati ya kuchora. Uliporudi ulirudi kwa kishindo, taa zikamulika kama za kupigia picha, na kompyuta ikawaka vizuri tu. Ila programu ya kuchorea ilikataa kufunguka. Alibofya, ikatoa kidirisha kisemacho kwamba imeharibika na iwekwe upya. Alizima, akawasha, akabofya tena. Kidirisha kile kile. Na wakati huo muuguzi mkuu wa zahanati mpya alikuwa ameshaleta furushi la makoti meupe ya kutiwa nembo kabla ya siku ya kufungua milango, akasisitiza mara mbili kwamba wageni wa heshima watakuwepo.

Bi Uzi akashika tama. Kelele za kubofya zilimleta mshona suti kutoka chumba cha pili. Huyu alikuwa mtu mwema, futikamba shingoni toka asubuhi hadi jioni, na alikuwa na kipaji cha kujua kila jambo nusu yake.

"Programu ndiyo ikulize?" alisema. "Mtandaoni zimejaa, tena za bure. Ngoja nikuonyeshe."

Akamtafutia ukurasa. Ulikuwa na mishale mingi mikubwa, yote ikisema pakua hapa, kila mmoja ukipiga kelele kuliko mwenziwe. Chini yake palikuwa na maelekezo: zima kwanza kinga ya virusi, fungua faili la zipu kwa neno la siri ambalo ni bure123, kisha endelea. Kinga ya virusi Bi Uzi hakujua inazimwa wapi, akaliruka hilo. Zipu alizijua. Ameshona zipu za magauni kabla hajajua kompyuta ni mnyama gani. Faili likamwomba neno la siri, akaandika bure123, likafunguka bila ubishi.

"Umeona?" alisema mshona suti, akarudi kwenye suruali zake akiwa ameridhika kabisa.

Bi Uzi akabofya kilichokuwemo ndani. Kioo chote kikafifia, na katikati kikatokea kidirisha: programu hii kutoka kwa mchapishaji asiyejulikana inataka kufanya mabadiliko kwenye kompyuta hii. Ili kuendelea, weka neno la siri la msimamizi.

Damu ikampanda. Hata leo! Hata kwa mbali! Akaandika bure123, kwa kuwa neno la siri si neno la siri tu? Likakataliwa. Akaandika jina la binti wa dada. Likakataliwa. Akaandika majina ya mapacha, moja moja, kisha yote mawili pamoja. Akaandika jina la mama, akisita kidogo kabla ya kubonyeza. Yote yakakataliwa, na kila mara kidirisha kilitikisika kidogo kama mtu anayekataa kwa kichwa. Aliudhika mpaka akakijibu kwa mdomo, na nisingependa kuyaandika aliyosema.

Mwishowe akamwita fundi wa simu. Mtaani waliitwa wengi mafundi, lakini huyu walimwita Fundi Taratibu, maana hakuna kitu duniani kilichowahi kumharakisha. Aliingia na bisibisi nyuma ya sikio, akavuta kiti, akafuta miwani yake, akavaa, akaanza kusoma kidirisha kama anayesoma barua ya posa.

"Nivunjie hiki kitu," Bi Uzi alisema. "Dada yangu amenifungia, nataka kufanya kazi."

"Hilo neno la msimamizi umeliandika?"

"Ningelijua ningekuita?"

"Kwa hiyo hujaliandika."

"Sijaliandika!"

Fundi Taratibu akashusha pumzi ndefu. "Basi kaa chini, Bi Uzi. Una bahati ambayo hujui kama unayo."

Akamwomba amweleze alivyofanya tangu mwanzo, na Bi Uzi akaeleza: mishale, zipu, bure123. Fundi alikuwa akitikisa kichwa kabla hajafika mwisho.

"Sikiliza. Umeulizwa neno la siri mara mbili, ukadhani anayeuliza ni mmoja. Mara ya kwanza faili ndilo lililokuuliza. Mara ya pili ni kompyuta yako yenyewe. Hawa ni watu wawili tofauti."

"Si yote ni maneno ya siri?"

"Kufuli ziko nyingi. Tazama kufuli iko kwenye mlango wa nani. Hili faili walilifunga wao, halafu ufunguo wakauandika pale pale ukurasani, kila mtu auone. Sasa jiulize, kufuli ambayo ufunguo wake umetundikwa juu yake inamzuia nani?"

Bi Uzi akafikiri. "Haimzuii mtu."

"Inamzuia mlinzi. Kinga ya virusi haisomi maelekezo, haijui bure123. Ikifika kwenye kifurushi kilichofungwa haiwezi kupekua ndani, kinapita. Na kwa kuhofia isije ikashtuka kikishafunguliwa, wakakwambia uizime kabisa. Watu wanaouza kitu halali hawaanzi kwa kukwambia umfukuze mlinzi."

"Na ningeandika la dada?"

"Ungekuwa umewafungulia mlango mkubwa. Ukishaandika neno la msimamizi umesema: ingia, fanya utakavyo, nyumba ni yako." Akatoa bisibisi sikioni, akaitazama, akairudisha. "Kuna mpiga picha mmoja nilimhudumia. Yeye neno lake alikuwa nalo. Aliliandika. Alipoamka, kila picha aliyokuwa nayo imefungwa, arusi za watu, watoto wa watu, hata moja haifunguki. Hakuwa na nakala. Nilimtazama mtu mzima analia dukani kwangu na sikuwa na la kumsaidia."

Bi Uzi aligeuka kutazama ukuta wa vitambaa kana kwamba navyo vingeweza kufungwa. Nembo zote, maua yote. Na ndege. Aliona wazi jinsi ambavyo angekuwa amempoteza, si kwa moto wala kwa mwizi, ila kwa kidole chake mwenyewe na hasira yake mwenyewe. Angelijua lile neno asubuhi ile, angeliandika bila kufikiri. Kilichomzuia kilikuwa ni kule kunyimwa.

"Ndege wangu yupo?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ndege gani tena?"

Fundi alilifuta faili la zipu na vyote vilivyotoka ndani yake, akamwaga hata jalala la kompyuta, kisha akaiacha kinga ipekue kila pembe. Iliwachukua muda mrefu, Bi Uzi anatafuna ukucha, mstari wa kijani unajaa kidogo kidogo. Mwisho ukaandika: hakuna tishio lililopatikana. Akafungua folda ya michoro. Programu ilikuwa imekufa, lakini picha ndogo za michoro zilionekana zote zimejipanga, na kwenye safu ya tatu, mnene, mkia juu, mguu mfupi, alikuwepo.

Bi Uzi aliketi. Alicheka, akajifuta macho kwa ncha ya koti la muuguzi, akashtuka, akalikagua kama limepata doa.

Fundi Taratibu, kabla ya jambo jingine lolote, alikwenda dukani kwake akaleta diski ya pembeni, akanakili michoro yote, akaichomoa, akamkabidhi mkononi. "Hii isikae imechomekwa. Weka kwenye droo." Kisha akainama nyuma ya mashine ya kudarizi na tochi. Mgongoni mwa mashine palikuwa na kibati chenye namba na anwani ya ukurasa, na kwa namba hiyo, alieleza, mwenye mashine ana haki ya kuipakua programu yake upya kutoka kwenye ukurasa wa watengenezaji wenyewe. Aliandika anwani ya ukurasa kwa mkono wake, herufi kwa herufi, kama ilivyokuwa kwenye kibati. Hakuna mshale uliopiga kelele. Faili likaja bila kufuli.

"Yaani ilikuwa nyuma ya mashine yangu siku zote?" alisema Bi Uzi.

"Watu hawachungulii migongo ya mashine."

Akabofya. Kioo kikafifia tena. Bi Uzi akaruka. "Hao! Wamerudi!"

"Soma kwanza."

Akasoma. Safari hii kidirisha kilitaja jina la watengenezaji wa mashine, na mbele yake paliandikwa: mchapishaji amethibitishwa. Chini yake, ombi lile lile. Weka neno la siri la msimamizi.

"Hapa ni sawa kuandika," alisema Fundi. "Umeita wewe, umejua umemwita nani, na kompyuta inataka ruhusa ya mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba ni mimi!"

"Kompyuta inasema ni dada yako."

"Basi vunja."

Fundi akavua miwani. "Njia zipo, na nyingine zinafuta kila kitu. Nikivunja leo nitakuwa nimevunja kufuli iliyokuokoa asubuhi. Na mwenye ufunguo yu hai, ana simu. Nivunje mlango wa nini? Mpigie."

Hakuna jambo gumu kama kuambiwa ukweli na mtu asiye na haraka, maana hakupi sababu ya kumkasirikia. Bi Uzi alitazama simu. Alitazama makoti meupe. Aliokota uzi sakafuni, akauzungusha kidoleni, akaufungua. Kwa kweli makoti hayakuwa yanamsumbua tena kiasi hicho. Kilichomsumbua ni kwamba alikuwa amemchukia mtu kwa ajili ya kufuli, na kufuli ile ndiyo imemwokolea ndege wa mama. Akapiga moyo konde, akapiga simu, akaiweka kwenye spika ili Fundi asikie atakapotajiwa neno.

Dada aliitikia haraka, sauti imejaa hofu. "Kuna nini? Nani amefariki?"

"Hakuna aliyefariki, dada. Lazima mtu afe ndipo nikupigie?"

"Siku hizi ndivyo ilivyo."

Bi Uzi akameza hilo. "Nataka neno la siri la kompyuta. La msimamizi."

"Si nilishakupa?"

"Hukunipa."

"Nilikupa siku naondoka. Ulikuja mbio una uzi sikioni, ukaniuliza, nikakupa."

"Nilikuuliza, ukasema sikwambii!"

"Ndiyo."

"Ndiyo nini?"

"Ndiyo hilo. Sikwambii."

Bi Uzi akaona giza. "Dada, nina kazi ya watu mezani, nina fundi wa watu kitini, na wewe bado unanichezea? Nimekukosea nini? Kama huniamini, sema huniamini!"

Upande wa pili mtoto mmoja alilia kwa mbali, akanyamazishwa. Halafu dada akasema polepole, neno moja moja, kama mtu anayetembea kwenye sakafu iliyomwagika maji.

"Mdogo wangu. Neno lenyewe la siri. Lililoandikwa kwenye kompyuta. Ni sikwambii."

Fundi Taratibu alikuwa wa kwanza kuelewa. Aliinamisha uso kwenye viganja na mabega yakaanza kutikisika.

"Niliweka hivyo kwa utani," dada aliendelea, na sasa sauti yake ilikuwa inakatika, haijulikani ni kicheko au nini. "Mtu akiniuliza neno la siri ni lipi, namjibu sikwambii, anaondoka zake hajui kwamba nimeshamwambia. Nilikucheka pale garini nikidhani umeshika. Ulikuwa mwepesi wa kushika wewe! Siku zote hizi ulidhani nimekunyima?"

Simu zote zile fupi zikampitia Bi Uzi kichwani moja baada ya nyingine, na pole zote alizopewa bila kuzitaka.

"Ndiyo maana sauti yako ilikuwa hivyo," alisema dada.

"Ndiyo maana."

"Na mimi nikadhani umenichoka. Nikajiambia, mdogo wangu amekuwa mkubwa, ana duka lake, nisimsumbue."

Hapo Bi Uzi alilia, kwa sauti, bila kumwonea Fundi haya, na katikati ya kilio akaanza kucheka, na dada akacheka, na mapacha wakaanza kulia wote wawili kwa kuwa waliona hawakushirikishwa. Mshona suti alichungulia mlangoni akauliza kama zile programu za bure zimekubali. Fundi alimtoa nje kwa kumshika mkono, taratibu.

Wakarudi kwenye kidirisha. Bi Uzi akafuta macho, akaandika kwa kidole kimoja. Vidoti vikajipanga. Akabonyeza. Kidirisha kikatikisika: neno si sahihi.

"Dada! Limekataa!"

"Umeandikaje?"

"Sikuambii. Kwa u. Kama tulivyofundishwa shuleni."

"Nani nyumbani kwetu aliwahi kuongea kama shuleni? Andika kama mama alivyokuwa anasema ukimuuliza ameficha wapi sukari."

Bi Uzi akamsikia mama, mgongo umegeuka, mkono kwenye kabati. Sikwambii. Kwa w, na i mbili mwishoni za kukuvutia sikio. Akaliandika hivyo.

Kioo kikang'aa. Mstari ukaanza kujaa, ukafika mwisho, na programu ikafunguka kama haijawahi kuumwa. Bi Uzi alipiga kofi moja kubwa, na upande wa pili wa simu dada akapiga lake.

Kabla ya makoti ya wauguzi, alimpakia ndege. Aliibana foronya nyeupe kwenye fremu, akachagua nyuzi, akabonyeza. Sindano zikashuka, mashine ikanguruma, na dada akaomba simu isogezwe karibu ili asikie. Mkia ukatoka kwanza, kisha kifua, mwisho mguu mrefu na mguu mfupi. Hakuna mshono uliokosekana.

"Neno lenyewe lakini ni jepesi," Fundi Taratibu alisema kwa aibu kidogo, "na leo tumelisema kwa sauti hadi mshona suti amelisikia. Libadilisheni. Wekeni refu, hata sentensi nzima."

"Libadilishe wewe," dada alimwambia mdogo wake. "Na ukiwa hapo hapo, jiandike wewe ndiye msimamizi. Mimi nisomeke wa kawaida. Mlango wangu uache."

Fundi akamwonyesha pa kubofya, kisha kwa heshima akageuka akatazama ukuta, macho kwa macho na simba mwenye makengeza. Bi Uzi alikaa kidogo akifikiri. Akaandika, vidoti vikawa vingi, akaandika mara ya pili kama ilivyotakiwa, ikakubali. Kwenye kioo, chini ya jina lake, pakatokea lile neno moja. Alilitazama, na cha ajabu halikumpa raha aliyoitarajia. Raha ilikuwa kwingine, kwenye simu iliyolala juu ya makoti, ikipumua.

"Umeweka neno gani?" aliuliza dada.

"Nitakwambia ukija."

Mmoja wa mapacha aligonga kitu, na dada hakumjali.

"Hilo ndilo neno lenyewe," aliuliza, "au unaniita nyumbani?"

Bi Uzi aliitoa foronya kwenye fremu, akakata uzi wa mwisho kwa meno, akaikunja ndege akiwa juu.

"Andaa mabegi," alisema. "Lete na hao mapacha."